Kiapo juu ya Mashairi ya Ambrose

12 Aprili

Mchungaji ameniagiza niandike kila siku kile ambacho Mungu amekitenda moyoni mwangu. Anasema itanisaidia kulia. Tangu tumzike Ambrose mwezi wa Februari sijatoa chozi, na majirani wameanza kuliona. Haya, naandika. Leo moyoni mwangu hakikutendeka kitu. Mvua imenyesha mchana kutwa.

13 Aprili

Mvua. Mkate na jibini.

15 Aprili

Mtumishi wangu Ursley amenikuta nimekaa kwenye kiti cha Ambrose, koti lake mapajani, akajishika kifuani akasema, "Hivyo ndivyo, Bibi, machozi yatoke tu." Nilikuwa nakaza kifungo. Koti nataka kuliuza.

17 Aprili

Ndugu yangu Jerome amekuja kula. Jerome ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Yuko chuo cha sheria hapa London, ng'ambo ya mtaa wa Fleet, ambako anasoma kila kitu isipokuwa sheria. Alikuwa rafiki mkubwa wa Ambrose. Hata kabla sijaolewa walikuwa wakibadilishana mashairi, huyu anampa yule karatasi, yule anainakili na kumpa mwingine, mpaka ubeti ulioandikwa Jumatatu unafika Ikulu ya Malkia Jumapili bila mtu kujua umetoka wapi.

Amekuja na habari.

"Dada, shemeji anakuwa kitabu!"

"Kitabu cha nini?"

"Cha mashairi, cha nini tena? Holt yule mchapaji wa pale uwanja wa kanisa la Mtakatifu Paulo. Amepita kwa marafiki wote akikusanya karatasi. Mimi mwenyewe nimempa rundo zima."

"Ambrose alikuwa akisema kuchapa mashairi ni sawa na kuanika nguo za ndani sokoni."

"Alisema alipokuwa hai. Sasa aone haya ya nini?"

Nikamwongezea nyama.

Mashairi yenyewe ni ya mapenzi, na aliniandikia mimi. Wakati wa uchumba yalikuja kila wiki. Tulipooana yakakoma, wala sikulalamika. Nilimpata mtu mzima, karatasi za nini? Hata zile za mwanzo marafiki zake walipoziomba nilitoa mwenyewe, nikiona fahari. Kwa hiyo sina hata moja. Alichobakiza ni koti, viatu na meza ya kulia.

20 Aprili

Mvua. Bibi Philippa Tye wa nyumba ya pili amekuja, mashavu yamemwiva kwa furaha. Kuna bwana mmoja anamtaka, mfanyabiashara wa sufu, na amemtungia shairi. Akalitoa kifuani akanisomea:

*Nywele zake ni mchana, nami mlevi njiani,*
*taa na mwezi sitaki, niacheni tu gizani.*

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ambrose aliandika "nywele zake ni usiku", kwa sababu nywele zangu ni nyeusi. Philippa nywele zake ni za manjano, basi yule bwana wa sufu amefuta usiku akaweka mchana, ila giza la mstari wa pili amelisahau pale pale. Sasa ni mtu anayesimama kwenye jua la saa sita akiomba aachwe gizani.

"Unalionaje, Bi Thomasin?"

"Zuri sana."

"Umeona anavyonipenda?"

"Nimeona."

Ningetarajia kuona wivu, au hata kucheka. Nilikuwa nafikiria kama paa linavuja.

21 Aprili

Paa linavuja.

23 Aprili

Sikukuu ya Mtakatifu George. Kengele tangu asubuhi. Nimeuza koti.

28 Aprili

Holt mwenyewe ameniletea kitabu. Ni mtu mnene mwenye vidole vyeusi, mpole, anazungumza kama vile nyumba ina mgonjwa. Kurasa bado zinanuka wino. Ukurasa wa kwanza umeandikwa herufi A. F. tu, muungwana, marehemu.

"Karatasi za mkono umeziweka wapi?" nikamuuliza.

"Zile? Ah, Bibi, zikishachapwa kazi yake imekwisha. Tumempa mwoka mikate wa jirani, anafungia."

Yaani maneno ya mkono wa Ambrose sasa yanafungiwa mikate ya watu. Nikamshukuru Holt, akaondoka kinyumenyume kama mtu atokaye kwa mfalme.

Nusu ya kwanza ya kitabu ni mashairi yangu. Nimeyasoma yote. Nilikumbuka siku ya kila moja na mahali nilipokuwa nimesimama nikilipokea, ila ilikuwa kama kukumbuka mambo ya binamu yangu.

Nusu ya pili ni mashairi ya kejeli, nami sikuwahi kujua yapo. Ni makali. Kuna mlimbwende wa Ikulu aliyeuza shamba la baba yake akalivaa lote kwa siku moja. Kuna askofu asiyeweza kuinama kusali kwa ajili ya tumbo. Na katikati kuna karamu nyumbani kwa muungwana fulani, na mistari hii:

*Mkewe yupo pembeni, makombo ayapanguza;*
*sisi tukisha kucheka, yeye ndipo anaanza.*
*Mzaha hakuujua, wala hatatuuliza;*
*hucheka kulipa kiti, asije kutuchukiza.*

Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Mimi ndiye nipangusaye makombo mezani kwa kiganja watu wakizungumza. Mama alikuwa akinikanya. Na ni kweli, mizaha yao mingi sikuielewa, ilikuwa ya Kilatini nusu.

30 Aprili

Nimemwuliza Jerome kuhusu zile kejeli. Akavimba kama mkate tanurini.

"Hizo ni zangu, dada. Chuo kizima kinajua. Nilizichanganya tu kwenye rundo, na lile jinga la Holt likadhani zote ni za shemeji."

"Na yule mke?"

Akatazama sahani. "Mke gani? Ni mke tu. Lazima pawe na mke. Kejeli bila mke inakuwa kama supu bila chumvi."

"Anapangusa makombo."

"Wanawake wote wanapangusa makombo, dada, usijipe umuhimu."

Nikapangusa makombo. Jerome tangu mtoto ana ulimi mchafu. Akiwa na miaka sita alimwambia bibi yetu ana uso wa chura. Mtu humzoea. Ningeumia kama ingekuwa ni mtu mwingine.

4 Mei

Mvua. Baridi pia, na huku ni Mei.

9 Mei

Kitabu kinauzwa. Kanisani wanawake wananitazama kofia, wanataka kuona zile nywele. Mmoja akamwambia mwenzake, bila kushusha sauti sana, "Nilidhani atakuwa mrefu."

10 Mei

Mkate na samaki wa chumvi. Mvua.

16 Mei

Ursley anasema nazungumza peke yangu jikoni. Nikamwuliza nasema nini. Anasema nahesabu vijiko.

22 Mei

Jerome amekuja na viatu vipya na rafiki watatu wa chuo, wote wakimwita "mtunzi wetu". Wakaimba kejeli ile ya askofu wakigonga meza. Mmoja akaniinamia akasema lazima ninaona fahari kuwa na ndugu wa namna ile. Nikasema ninaona.

2 Juni

Mvua imekatika, joto limeingia ghafla, na pamoja nalo habari mbaya. Maaskofu wametoa amri: kejeli zisichapwe tena, na zilizochapwa ziletwe ukumbi wa chama cha wachapaji zichomwe moto. Kitabu cha Holt kimo.

Jerome alikuja mchana, hana kofia, jasho linamtiririka. Alifunga mlango, kisha akafunga dirisha, kisha akafungua dirisha kuona kama kuna mtu nje.

"Dada, wanatafuta watunzi."

"Nani anatafuta?"

"Askofu amempa kazi kasisi wake, Mewes. Yule askofu mwenye tumbo, dada, wanasema ni yeye, wanasema kila mtu alimtambua! Mewes amekwisha mwita Holt, na Holt amesema hajui, karatasi zilichanganyika. Sasa atauliza chuoni. Na chuoni..."

"Chuoni wote wanajua ni zako."

"Nimewaimbia mwenyewe! Nimepanda juu ya meza nikawaimbia!" Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, kama alivyokuwa akifanya alipovunja kitu nyumbani. "Kuna mtu alikatwa mkono kwa ajili ya kitabu. Mkono, dada. Wa kulia."

Nikamletea maji. Alipomaliza kunywa akasema lile alilokuja kusema.

"Kitabu kina herufi za shemeji. Ukisema ni zake zote, imekwisha. Wewe ni mjane wake, nani atakubishia? Na yeye hawawezi kumfanya kitu."

"Niape uongo."

"Uape kwamba mume wako aliandika kitabu chenye jina lake. Huo nao ni uongo?"

Nilimwambia nitafikiri. Akaniuliza nifikiri nini. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa najaribu kuogopa na hofu haiji.

3 Juni

Holt amekuja. Vitabu vyote amekwisha vipeleka kule ukumbini, vimerundikwa. Ananihurumia. Anasema amezungumza na kasisi Mewes, na kasisi si mtu mbaya: kama zile kejeli ni za mtu mwingine, kitabu kitakatwa katikati, ichomwe nusu ya pili tu. Nusu ya mapenzi nitarudishiwa mimi. Lakini kama ni kazi ya mkono mmoja, amri ni kuchoma chote.

"Kwa hiyo ukisema si zake, Bibi," Holt akasema, akifuta vidole vyeusi ambavyo havifutiki, "unayapata yako."

"Na mtunzi?"

"Huyo atatafutwa."

Nilimuuliza kama amebakiza hata nakala moja dukani. Alibakiza tatu, akasema, wakaja wakazikuta.

4 Juni

Joto. Sikupika.

5 Juni

Leo nimekwenda kwa kasisi Mewes. Nitaandika yote, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Ana chumba kidogo karibu na nyumba ya askofu, chenye dirisha linaloangalia mto. Ni mzee mwembamba, ana mafua. Pembeni alikaa karani kijana mwenye kucha ndefu akiandika kila neno. Kasisi alikuwa na kitabu mbele yake, na niliona alikuwa ameweka uzi mwekundu pale kejeli zinapoanzia.

Akaanza na pole. Kisha akanifungulia nusu ya kwanza, akasema, "Haya ni mazuri, Bibi Fenner. Nayasema kama mtu niliyewahi kuwa kijana. Ni yako wewe?"

"Ni yangu."

"Ningependa kukurudishia." Akaugusa ule uzi. "Na haya? Ni ya marehemu?"

Nilitazama mtoni. Palikuwa na mashua imebeba majani ya farasi, na mtu amelala juu yake. Nilifikiria mkono wa Jerome. Nilipokuwa na miaka tisa nilimfundisha kushika kalamu kwa mkono huo, akainyonya ncha mpaka ulimi ukawa mweusi. Nikafikiria na yale mashairi, nikayatafuta moyoni, lile la usiku, lile la ngazi, lile la glavu. Nikaona kwamba naweza kuyaacha. Halikuwa jambo la ushujaa. Mtu aliyekufa ganzi hata ukimkata kidole hashituki.

"Ni ya marehemu," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Akapenga kamasi. "Nasikia maneno mengine. Nasikia una ndugu chuo cha sheria."

"Jerome?"

"Nasikia ndiye mtunzi."

Hapo niliona uongo mmoja hautoshi, unataka mwenzake wa kuuegemea. Nikasema, "Mheshimiwa, ndugu yangu hawezi. Hana kipaji hicho. Amekaa miaka na mume wangu akichukua karatasi zake na kuzisoma mitaani kwa sauti, hayo ndiyo anayoyaweza. Ukimwambia atunge ubeti mmoja wa maana, utangoja hapo mpaka uote ukungu."

Karani mwenye kucha ndefu akacheka, kisha akaandika. Kasisi naye akatabasamu. Akanipa Biblia nikaweka mkono nikaapa.

Nilipofika nyumbani Jerome alikuwa ananingoja ngazini. Nikamwambia amepona. Akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma, akalia begani kwangu, akala mkate wote uliokuwepo.

7 Juni

Wamechoma. Ursley alikwenda kutazama, mimi nilibaki kufua. Anasema vitabu vilikuwa na unyevu wa zile mvua, vikatoa moshi kwanza, watu wakakohoa, na mzee mmoja wa chama akawa anavichokoa kwa fimbo ili vishike. Karatasi moja ilitoka nzima ikapanda juu ya paa. Watu waliikimbilia.

"Ilikuwa ya kwako au ya kejeli?" nikamuuliza.

"Bibi, mimi sijui kusoma."

8 Juni

Joto. Nguo zimekauka upesi.

12 Juni

Ajabu ya watu. Kwa kuwa zimechomwa, kila mtu sasa anazitaka. Amri ni ya vitabu vya chapa. Kalamu na wino hakuna aliyevikataza, basi wanazinakili kwa mkono, kutoka kwa wale walionunua mapema wakaficha. Philippa Tye ana nakala. Mwoka mikate ana nakala. Lakini wananakili kejeli peke yake. Mashairi ya mapenzi hakuna aliyejisumbua nayo.

Na kila nakala juu imeandikwa, "Za Ambrose Fenner, zilizochomwa kwa amri." Wanamsifu kupita kiasi. Eti London haijawahi kupata ulimi kama ule.

14 Juni

Jerome hakuja kula.

15 Juni

Hakuja.

16 Juni

Amekuja, lakini hakuketi.

"Ulimwambia Mewes kwamba sina kipaji?"

"Nilimwambia ili upone."

"Karani wake amelisambaza mji mzima! Wananiita Ukungu. Naingia ukumbini kula, wanapiga vijiko wanasema, 'Karibu, Ukungu, ubeti uko wapi?' Wale wale niliowaimbia! Sasa wanasema nilikuwa naiba za shemeji."

"Una mikono yako miwili, Jerome."

"Ulishindwa kusema tu si yangu? Ilibidi useme siwezi?"

"Asingeniamini."

"Kwa hiyo hilo ndilo la kuaminika." Akaniangalia kwa macho mekundu. "Ulifurahi kulisema, dada. Kwa ajili ya yule mke wa makombo. Ulilipiza."

Nimejichunguza kwa uaminifu mchana wote. Sikufurahi. Sikuhisi chochote.

19 Juni

Jerome alilewa jana kwenye kilabu cha pombe mtaa wa Fleet, akapanda juu ya meza, akatangaza mbele ya watu wote kwamba kejeli ni zake kila herufi, kwamba Ambrose hakuweza kuandika ila nywele na glavu, na kwamba dada yake aliapa uongo. Yule karani wa kucha ndefu alikuwepo, anakunywa pembeni.

Nyaraka za mwito zimekuja mbili asubuhi hii, yake na yangu. Ursley amesoma uso wangu, akaanza kufunga nguo zangu za joto, za gerezani.

21 Juni

Tumekwenda pamoja kwa miguu, juani, bila kusemezana. Pombe ilikuwa imemtoka na alikuwa mweupe kama unga. Kwenye ukumbi mdogo nje ya mlango wa kasisi hatimaye akafungua kinywa.

"Dada, nimekuponza."

"Umejiponza na wewe."

Karani akatoka akatuambia tungoje, kasisi anataka karatasi iletwe na kalamu. Nilielewa mara moja.

"Atakuambia utunge," nikamnong'oneza. "Sikiliza, mdogo wangu. Andika vibaya. Vibaya kabisa, kama mtoto. Ukiandika vibaya tunakwenda nyumbani wote wawili."

Akanitazama, na nakiri jibu lake lilinikatisha tamaa. "Sijui kama ninaweza kuandika vibaya," akasema.

Kasisi Mewes mafua hayajamtoka. Alisema mambo ni rahisi: ama bibi aliapa uongo, ama bwana mdogo alisema uongo akiwa amelewa, na la pili halina adhabu ila aibu. Akamwelekeza Jerome kwenye meza iliyo chini ya dirisha. "Tunga kejeli. Beti chache tu. Mada nakupa: kasisi. Nikejeli mimi ukipenda, sitachukia."

Tukangoja. Kasisi akasoma mambo yake. Karani akakata kucha. Mimi nilikaa mkabala na Jerome, nikaona uso wake wote.

Mwanzo aliandika neno, akalifuta, na nikamshukuru Mungu, nikadhani anaigiza. Kisha akaandika tena. Akahesabu mizani kwa vidole chini ya meza. Akaitoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo, kama enzi zile nilipomfundisha kalamu. Jasho likaanguka karatasini, akalipangusa kwa mkono wa shati, akawahi kuona kama wino umeenea. Kuna wakati alipata kitu, macho yakang'aa, akaandika mbio. Mtu anayeigiza hang'ai hivyo. Nikajua hakujali tena mkono wake wala kiapo changu. Alikuwa anataka kuwaonyesha. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Februari, moyo ulinidunda. Niliogopa.

Alipompa kasisi karatasi, alitabasamu.

Kasisi akasoma kimya. Akasoma tena. Akampa karani, akamwambia asome kwa sauti.

*Kasisi huyu mnene, mnene kama nguruwe,*
*nguruwe naye mnene, ila si kama mwenyewe.*

Yalikuwa na mengine, yakiendelea hivyo hivyo. Karani alishindwa kumaliza. Kasisi Mewes, ambaye ni mwembamba kama mshumaa, alicheka mpaka akatafuta leso, akasema, "Bibi Fenner, niwie radhi. Uliapa kweli. Nendeni kwa amani, na wewe kijana, usinywe."

Nilimtazama Jerome, nikingoja anikonyeze. Alikuwa ameinamisha kichwa na masikio yote mawili mekundu.

22 Juni

Jana sikuweza kuandika zaidi ya pale. Leo naendelea.

Tulirudi nyumbani, nikamwekea chakula. Hakugusa. Ursley nikamtuma jikoni.

"Uliandika vibaya kama nilivyokuambia," nikasema, ili kumpa njia.

"Nilijitahidi, dada."

"Najua. Nilikuona."

Yakamtoka yote kwa mkupuo. Zilikuwa za Ambrose. Zote. Ambrose alimpa azinakili, akazinakili, akazisoma chuoni, wakampigia makofi, naye akanyamaza. Baadaye akaacha kunyamaza. Ambrose alipokufa hapakuwa na wa kumbishia. "Wakati mwingine niliamini mwenyewe," akasema. "Nilipokuja kwako nimeogopa, niliogopa kweli kabisa, kama mtu aliyeandika."

Nilimsikia, lakini nilikuwa mbali naye. Nilikuwa nimefika kwenye ule ukurasa.

"Na yule mke," nikasema.

Akaisukuma sahani pembeni.

"Ni wa Ambrose yule mke?"

"Dada, kejeli lazima iwe na..."

"Usiniambie habari ya supu. Aliisoma wapi? Mbele yako?"

"Hapa," akasema. "Mezani hapa hapa. Krismasi. Wewe ulikuwa umeshuka kuongeza bia."

"Mkacheka."

"Tulicheka sana. Ilikuwa mpya, tulikuwa tumekunywa..."

"Kisha nikarudi na jagi."

"Ukarudi."

"Nikafanya nini?"

Aliniangalia kama anayeomba asiulizwe.

"Jerome. Nilipoingia nikawakuta mnacheka, nilifanya nini?"

"Ulicheka, dada."

Nilikumbuka. Niliingia na lile jagi zito, wote wamefunguka nyuso, nikacheka nao bila kujua tunacheka nini, na Ambrose akanitazama, akasimama mwenyewe akanivutia kiti. Nimekuwa nikiiweka Krismasi ile kama siku njema kuliko zote ndani ya nyumba hii. Nilidhani alinivutia kiti kwa mapenzi. Labda ndiyo. Labda aliona haya. Sitamuuliza tena, na hilo ndilo lililonipata pale pale, kijiko mkononi: nilikuwa na neno la kumwambia mume wangu na hayupo. Nilitaka kumrushia sahani. Nilitaka aniambie mistari ile ameiandika lini, na aliponitazama usoni baada ya hapo alimwona nani. Nilimkasirikia, kisha kitu kikapasuka kifuani nikaanza kulia, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nimeshika ukingo wa meza, na Jerome hajui atazame wapi.

Ursley alitoka jikoni mbio, unga mikononi, akidhani tumeletewa msiba. "Bibi! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Ambrose," nikamwambia. "Ambrose amekufa."